Skrini nyeusi baada ya kusasisha Linux: pa kuanzia

Wewe uliyehamia Linux hivi karibuni, ipo siku utawasha kompyuta ukute skrini nyeusi, au maandishi makubwa kupita kiasi, au madirisha yanayojikokota. Utatamani kusakinisha mfumo upya. Subiri kwanza. Mara nyingi mfumo ni mzima na mafaili yako yapo. Kilichokwama ni draiva ya kadi ya michoro, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi inayochora picha kwenye skrini.

Anza kwa kutafuta njia ya kuingia. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ukiombwa jina na nywila, ujue kompyuta inafanya kazi na shida iko kwenye picha tu. Ikikataa, izime na kuiwasha, kisha kwenye menyu ya GRUB (ile inayotokea kabla mfumo haujawaka) chagua kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya zamani. Ikiwaka vizuri, umeshapata nusu ya jibu: kerneli mpya haikupata draiva yake. Na hiyo ikigoma, bonyeza herufi e kwenye menyu, nenda mwisho wa mstari unaoanza na neno linux, ongeza `nomodeset`, kisha bonyeza F10. Picha itakuwa duni, lakini utaingia. Badiliko hilo hufutika ukizima kompyuta, kwa hiyo lijaribu bila hofu.

Ukishaingia, usifute wala kusakinisha kitu kabla hujaandika kwenye terminali `lspci -k`, amri inayoorodhesha vifaa na draiva zake. Tafuta kifaa chenye neno VGA au 3D, usome palipoandikwa "Kernel driver in use". Hapo utaona amdgpu, i915, nouveau au nvidia. Pasipo na kitu, kadi haina draiva. Ila kama uliingia kwa `nomodeset`, amdgpu, i915 na nouveau zimezuiwa kwa makusudi, na jibu hilo lisikupotoshe.

Wenye kadi za AMD na Intel wana nafuu. Draiva zao zimo ndani ya kerneli na Mesa (mkusanyiko wa programu za michoro unaokuja na mfumo), kwa hiyo hakuna cha kwenda kupakua. Kadi ikiwa mpya kuliko kerneli yako, sasisha kerneli pamoja na kifurushi cha `linux-firmware`.

NVIDIA ndiyo inayowasumbua wageni wengi. Draiva yake rasmi huwa nje ya kerneli, na kwenye mifumo mingi programu iitwayo DKMS huijenga upya kila kerneli mpya inapoingia. Andika `dkms status`. Kerneli unayoitumia isipoorodheshwa, huenda vichwa vyake (headers, mafaili yanayohitajika kuijengea draiva) havijasakinishwa. Kwenye Debian na Ubuntu ni `sudo apt install linux-headers-$(uname -r)`, kisha `sudo dkms autoinstall`.

Lakini moduli, yaani draiva iliyojengwa hivyo, inaweza kujengwa salama na bado ikakataliwa. Jaribu `sudo modprobe nvidia`. Ukijibiwa "Key was rejected by service", Secure Boot, ulinzi unaokagua programu kompyuta inapowaka, imeikataa kwa kuwa haitambui sahihi yake ya kidijitali. Kwenye Ubuntu, ili kusajili ufunguo wa sahihi hiyo (MOK), andika `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, tunga nywila, kisha washa upya. Itatokea skrini ya buluu ambayo husubiri sekunde chache tu. Chagua Enroll MOK na uandike ile nywila. Wengi huipita skrini hii wakidhani ni hitilafu, halafu wanahangaika na draiva isiyo na kosa lolote.

Kadi za zamani za NVIDIA zina toleo lake la draiva: zile za kizazi cha Kepler huishia kwenye 470, za Fermi 390. Draiva mpya zaidi haitazitambua hata uisakinishe vipi. Na lile faili la .run la kusakinishia draiva lililo kwenye tovuti ya NVIDIA, nakusihi uliache. Linaandika juu ya mafaili ya vifurushi vya mfumo wako, na kulisafisha baadaye ni kazi ngumu kuliko tatizo lenyewe.

Kompyuta ikiwaka lakini ni nzito, andika `glxinfo -B`. Ukiona llvmpipe, prosesa ndiyo inayochora kila kitu na kadi imekaa bure. Rudi kwenye `lspci -k`.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukiandika ulichofanya. Ukihitaji msaada, peleka matokeo ya `lspci -k`, ya `uname -r`, na ya `journalctl -b -1 -p err`, ambayo huonyesha makosa ya mara ya mwisho kompyuta ilipowashwa kabla ya sasa. Kwa hayo matatu, mwenye uzoefu ana pa kushika, jambo ambalo picha ya skrini nyeusi haiwezi kumpa.