Kiharusi na dawa za antioksidanti: maswali yenu

*Shikamoo daktari. Baba alipata kiharusi mwezi uliopita. Nasikia kuna dripu ya antioksidanti inayolinda ubongo. Tumtafutie?*

Marahaba, na pole kwa kuuguza. Dawa hiyo ni edaravoni. Japani inaitumia tangu 2001, China nako ipo. Mshipa ukizibwa na donge la damu, seli za ubongo hukosa oksijeni. Damu ikirudi, huzuka chembe kali zinazotafuna kuta za seli. Edaravoni hunasa chembe hizo, na ndiyo kazi ya antioksidanti, ila donge lenyewe hailigusi. Tena Japani huanzishwa ndani ya saa 24 tangu dalili zianze. Kwa baba muda huo umepita. Pesa hiyo ipelekeni kwenye mazoezi ya viungo na dawa za presha.

*Kama inafaa, mbona Ulaya na Marekani hawaitumii kwa kiharusi?*

Marekani waliikubali 2017, lakini kwa ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Kwenye kiharusi walishaumwa na nyoka. Dawa nyingine ya jamii hii, NXY-059, ilifanya vizuri kwa wanyama, na jaribio la kwanza kubwa kwa wagonjwa, matokeo yake yalipochapishwa 2006, likatia moyo. Mwaka huohuo jaribio la pili, lenye wagonjwa zaidi ya 3,000, likaonyesha haina faida. Ikaachwa.

Sababu zinazotajwa ni nyingi. Mimi naegemea ya muda. Panya wa maabara ni kijana mzima wa afya, mshipa wake unazibwa kwa makusudi na dawa iko tayari mkononi. Mgonjwa wetu ana miaka 70, ana kisukari, ameamka mdomo umepinda, na ndugu bado wanabishana kama amerogwa. Akifika hospitali, sehemu kubwa ya ubongo ule imeshakufa.

*Nina presha. Nimeze vitamini E kujikinga?*

Hapana, ingawa nayo ni antioksidanti. Uchambuzi wa tafiti uliotoka 2010 ulikuta kiharusi cha donge kinapungua kwa asilimia 10, cha kuvuja damu kinaongezeka kwa asilimia 22. Na wewe mwenye presha, hicho cha kuvuja ndicho cha kuogopa.

*Edaravoni ina madhara?*

Yapo, hasa kwenye figo. Mwenye figo zilizochoka sana hapewi, na wengine hupimwa damu wakiwa kwenye dripu.

*Basi ipi ya kukimbilia kwanza?*

Hospitali yenye CT scan, mashine ya kupiga picha za ndani ya ubongo. Kipimo kikionyesha hakuna damu iliyovuja, dawa ya kuyeyusha donge inaweza kutolewa ndani ya saa nne na nusu. Kumbukeni saa dalili zilipoanza. Ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa.