Ng'ombe mmoja, ndama wawili: ilivyokuwa kwangu Mwakirunge

Ndugu yangu, umeuliza kama ng'ombe wako wa nyama aliyezaa wiki hii anaweza kumnyonyesha pia yule ndama yatima uliyepewa na jirani. Anaweza. Mie nimelea hivyo hapa Mwakirunge, Mombasa, na yatima wangu sasa ni mtamba. Lakini kabla huruma haijakushika, kitazame kiwele.

Ndama wa kilo 30 anataka kama lita 3 za maziwa kwa siku. Wawili ni lita 6, na ng'ombe wengi wa nyama wa aina ya Boran hawafiki hapo. Wangu ana damu ya Sahiwal, aina ya ng'ombe wa maziwa, ndiyo maana nilithubutu. Ikiwa ndama wako akimaliza kunyonya chuchu zote zimelegea na bado anakigonga kiwele kwa kichwa, yatima mpe chupa. Zikibaki mbili zimejaa, endelea.

Muulize jirani pia kama yatima alinyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa. Faida yake kubwa ni ndani ya saa 6 za mwanzo, na siku nzima ikishapita utumbo haupitishi tena ile kinga. Aliyeikosa, kuhara kidogo tu kunaweza kumuua. Na anayeharisha usimchanganye na mwenzake mpaka apone.

Kosa langu lilikuwa haraka. Siku ya kwanza nilimsukuma yatima moja kwa moja hadi kiweleni. Ng'ombe akageuza shingo, akamnusa mkiani, akapumua kwa nguvu, na teke likatua ubavuni mwa yule mtoto. Alianguka akitetemeka, na usiku ule sikupata usingizi. Ng'ombe humjua mwanawe kwa harufu, na hiyo harufu huishika katika saa za mwanzo baada ya kuzaa. Ukibahatika kuwa na yatima siku ng'ombe anapozaa, mpake yale maji ya uzazi. Wako keshazaa, kwa hiyo fanya nilivyofanya baadaye.

Nilichukua gunia alilolalia ndama wake siku mbili, lenye mkojo na yote, nikamfunga yatima mgongoni. Nikawatenga ndama wote wawili na mama, nikawa nawaleta mara tatu kwa siku wakiwa na njaa. Mama namwekea pumba mbele, miguu ya nyuma nimeifunga kwa kamba ya katani, mfungo wa nane, kama wakamuaji wafanyavyo. Mwanawe namtanguliza ubavuni, maziwa yakishashuka ndipo yatima anaingia upande wa pili. Usimpige ng'ombe hata akirusha mguu, maana atakuja kuuchukia ule wakati wenyewe. Siku ya tisa nilifungua kamba nikasimama karibu. Alimnusa yatima, akanyamaza, kisha akamlamba sikio. Nilitokwa na machozi, sikufichi.

Wengine hawafiki kwenye kulamba, huvumilia tu. Hapo yatima hujifunza kuibia kwa nyuma, katikati ya miguu, mwenziwe akinyonya. Utamjua kwa kichwa chake: kina mavi siku zote. Ananyonya, lakini hashibi sawasawa, kwa hiyo muongezee chupa jioni.

Mama naye ale. Majani matupu hayatoshi hapa kwetu, hasa Januari na Februari jua linapokausha kila kitu. Mie nilimpa matete, kilo 2 za mashudu ya nazi kwa siku, chumvi ya mawe, na maji bila kipimo. Hata hivyo alikonda, na alichelewa kurudi kwenye joto, yaani kutaka dume tena. Hiyo ni gharama, uikubali mapema. Ukiona mbavu zinahesabika, mtoe yatima.

Wangu nilimwachisha miezi mitatu, alipokuwa anakula nyasi na pumba vizuri, na mwanawe nikamwacha aendelee.

Leo jioni ndama wako akishashiba, zishike chuchu moja moja kisha uniambie zikoje, na yatima ana siku ngapi.