Usinunue Nishani ya Kisovieti Kabla ya Kusoma Namba Yake

Watu wanaotaka kukusanya nishani za jeshi la Kisovieti huniuliza kwanza bei. Mimi huwarudisha kwenye namba. Geuza nishani utazame mgongoni. Ikiwa na namba, yawezekana sana kwamba ndani ya hifadhi fulani ya nyaraka huko Urusi kuna kadi inayosema nishani hiyo alipewa nani na lini, na nyuma ya kadi hiyo kuna karatasi nyingine inayoeleza alifanya nini. Isipokuwa na namba wala cheti, umenunua kipande cha madini kilichotengenezwa vizuri, basi.

Jambo hili ndilo lililonivuta kwa Wasovieti nikaacha mengine. Sisi wa Afrika Mashariki tunazijua nyota za vita walizorudi nazo askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika, hasa Nyota ya Burma, waliyoipata kwa kupigana na Wajapani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita Bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika, na wazee wetu wengi walikuwemo. Lakini nyota hizo za Waingereza nyingi zilitolewa bila jina wala namba. Ikishatoka mikononi mwa familia, hakuna wa kukwambia ilikuwa ya nani. Linaniuma kila ninapoikuta moja inauzwa. Nishani ya Kisovieti iliyozagaa miaka hamsini bado inaweza kukupeleka hadi kwa mtu mmoja, kwa jina la baba yake na kijiji alichozaliwa.

Si zote, lakini. Medali ya Ushindi dhidi ya Ujerumani, iliyoanzishwa tarehe 9 Mei 1945, walipewa watu karibu milioni 15, na haina namba. Medali za ulinzi wa Leningrad, Stalingrad, Odessa na Sevastopol, zilizoanzishwa Desemba 1942, nazo hazina. Zina bei nafuu na wauzaji huzisukuma kwa mgeni. Ziache, isipokuwa zinakuja na cheti chenye jina. Zinazofuatilika ni nishani zenyewe, yaani tuzo za juu kuliko medali: Bango Jekundu, Nyota Nyekundu, Vita vya Kizalendo, Utukufu. Kwa upande wa medali kuna ile ya Ushujaa na ile ya Huduma Vitani, zote za Oktoba 1938, mradi iwe ya kipindi walichokuwa bado wanazipiga namba.

Mimi humshauri anayeanza achukue Nyota Nyekundu. Ilianzishwa Aprili 1930, wa kwanza kuivaa akiwa kamanda Vasily Blyukher, na hadi dola ile inavunjika zilikuwa zimetolewa zaidi ya milioni 3.8. Kwa hiyo inapatikana, na kosa la kwanza halitakufilisi. Ni fedha halisi yenye enameli nyekundu, uzito wake karibu gramu 33, na katikati amesimama askari ameshika bunduki.

Hapa kuna mtego ambao wauzaji hawautaji. Kuanzia Juni 1944 serikali iliamua kutoa nishani za vita kwa muda wa utumishi pia. Ofisa au askari wa kudumu aliyetimiza miaka 10 jeshini alipewa Medali ya Huduma Vitani, miaka 15 Nyota Nyekundu, miaka 20 Bango Jekundu, miaka 25 Nishani ya Lenin. Utaratibu huo uliendelea mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950. Maana yake, Nyota Nyekundu inaweza kuwa ya mtu aliyevuka mto chini ya mizinga, na inaweza kuwa ya karani mwadilifu wa stoo ya sare. Simdharau karani. Lakini usilipe bei ya mto ukapewa ya stoo. Vivyo hivyo Nishani ya Vita vya Kizalendo: ilianzishwa Mei 1942, kisha Machi 1985, kwa kumbukumbu ya miaka 40 ya ushindi, wakapewa maveterani waliokuwa bado hai. Ya daraja la kwanza ya wakati wa vita ina dhahabu ndani yake. Ya 1985 ni fedha iliyopakwa dhahabu. Kwa mbali zinafanana, na ndiyo maana muuzaji anayesema “ya vita” aulizwe namba papo hapo.

Sasa tuje kwenye utafiti wenyewe. Wizara ya Ulinzi ya Urusi iliweka hadharani mamilioni ya nyaraka za tuzo kupitia tovuti ya Podvig Naroda mwaka 2010, na baadaye tovuti ya Pamyat Naroda mwaka 2015. Ukiwa nje ya Urusi wakati mwingine hazifunguki, lakini zikifunguka ni hazina. Shida ni kwamba unatafuta kwa jina. Ukiwa na namba tu, jibu liko kwenye kadi ya mhusika katika hifadhi kuu ya nyaraka za wizara hiyo, mjini Podolsk karibu na Moscow, na mgeni hawezi kuingia tu akaiomba. Itabidi umtumie mtafiti wa huko. Mkubaliane kwa maandishi kwamba unataka picha ya kadi pamoja na ya fomu ya mapendekezo, ile wanayoiita nagradnoy list. Muhtasari aliouandika yeye mwenyewe hautoshi, huwezi kuuhakiki.

Njia rahisi zaidi ni kununua nishani inayokuja na kijitabu chake. Kijitabu kina jina kamili na orodha ya tuzo zote za mtu huyo pamoja na namba zake. Ukishakuwa na jina, jina la baba na mwaka wa kuzaliwa, mengine unayafanya mezani kwako. Ila kagua wino: kuna wanaofuta namba kitabuni na kuandika nyingine ili ilingane na nishani waliyo nayo.

Jifunze kusoma mwandiko wa Kirusi wa mkono. Herufi za kuchapwa utazielewa kwa wiki chache, lakini mwandiko ni jambo jingine: t huandikwa kama m yetu, d kama g, na i kama u. Bila hilo utabaki unategemea tafsiri za mashine, na mashine hushindwa kabisa na penseli ya karani aliyeandika ndani ya handaki.

Fomu ya mapendekezo ndiyo kiini cha kazi hii yote, nami huisoma polepole. Juu kuna cheo, kikosi, mwaka wa kuzaliwa, kabila, kama ni mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, amejeruhiwa mara ngapi, ameingizwa jeshini na ofisi ya wilaya gani, na anwani ya nyumbani. Hapo kwenye kabila ndipo utaona kwamba lile halikuwa jeshi la Warusi peke yao; kuna Wakazaki, Wageorgia, Wauzbeki, Watatari, Wayahudi. Chini yake kamanda anaeleza tendo. Nyuma yake zinafuata kauli za wakubwa wake, mmoja baada ya mwingine, na hapo ndipo mara nyingi nishani hupunguzwa: kamanda wa rejimenti anaomba Bango Jekundu, divisheni inaandika Nyota Nyekundu. Linganisha kilichoombwa na kilichotolewa kabla hujasema mtu huyu “alipata tu” nishani ndogo.

Nina Nyota Nyekundu niliyoinunua katika soko la vitu vya zamani Berlin, mji ambao majeshi ya Urusi yaliuaga rasmi mwaka 1994. Karatasi zilipokuja, mwenyewe alikuwa mwanamke, mhudumu wa tiba wa kombania. Fomu ilisema aliwatoa uwanjani majeruhi zaidi ya 25 pamoja na silaha zao. Asiyejua angeona “pamoja na silaha” ni mapambo ya karani. Lakini amri namba 281 ya Agosti 1941 ilipanga hivyo hasa: kuokoa majeruhi 15 na bunduki zao kunastahili medali, 25 Nyota Nyekundu, 40 Bango Jekundu, 80 Nishani ya Lenin. Jeshi lilikuwa na upungufu wa silaha, basi bunduki nayo ilihesabiwa. Alimburuta kila mmoja wao chini ya risasi akiwa na bunduki yake, na mwaka aliozaliwa unaonyesha alikuwa bado binti. Tangu siku ile sijawahi kununua kitu bila kutafuta kwanza kanuni iliyokitoa.

Ukishapata fomu, tafuta kumbukumbu za mapigano za kikosi kwa tarehe hizo hizo; nyingi ziko Pamyat Naroda. Fomu husema adui alirudishwa nyuma. Kumbukumbu za kikosi husema kilirudi na watu wangapi.

Kuhusu bandia nitasema machache. Namba nyingi za Nyota Nyekundu zilichongwa kwa mkono, kwa hiyo eneo la namba lililokwanguliwa huonekana kwa lenzi: uso unakuwa umebonyea kidogo na mng’ao unabadilika. Enameli halisi ni kioo. Iliyojazwa kwa rangi haina kina. Beba mizani ndogo kama ya sonara.

Sheria usiichezee. Ndani ya Urusi kununua au kuuza nishani za serikali ya Kisovieti ni kosa la jinai, kifungu cha 324 cha sheria yao ya jinai. Usinunue ukiwa safarini huko, na usimwombe mtu akutolee mpakani. Nunua zilizokwisha kuwa nje, na umtake muuzaji risiti.

Naomba pia, kwa dhati, usivunje seti. Wapo wafanyabiashara wanaopata nishani tano za mtu mmoja na kitabu chake, wakaziuza moja moja kwa sababu faida inazidi. Wanamchana mtu vipande. Kama huna uwezo wa kununua zote, mwachie mwenye uwezo.

Familia ya aliyepewa nishani ikikupata, au wewe ukiipata, wape nakala za karatasi zote bila malipo, hata kama hamtaafikiana kuhusu nishani yenyewe. Wengi hawakuwahi kuiona fomu hiyo. Nishani waliijua, tendo hawakusimuliwa. Na kila nishani iwekee bahasha yake: picha ya namba, kadi, fomu, tafsiri uliyoifanya, tarehe na mahali ulipoinunua. Andika kwa kalamu ya risasi, na mwambie mtu wa nyumbani kwako bahasha zilipo.