Kabla Hujaandika "Wamedukuliwa"

Kwenye simu yangu kuna skrinishoti moja ambayo kila nikifuta picha naiacha. Ni ya jioni ya Jumatatu, Oktoba 4, 2021. Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa mpigo, watu wote wakakimbilia Twitter, na mimi, mchambuzi wa teknolojia wa kujipachika cheo, nikaandika: "Facebook wamedukuliwa. Na hii si bahati mbaya." Usiku wa kuamkia siku hiyo Frances Haugen, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, alikuwa ametokea kwenye televisheni ya Marekani akianika mambo ya ndani. Nikajumlisha moja na moja, nikapata kumi na moja. Ilisambaa kuliko chochote nilichokuwa nimewahi kuandika.

Aliyepiga ile picha ni fundi simu wangu wa Kariakoo. Alinitumia siku mbili baadaye, na maneno manne tu chini yake: "Kaka, ushahidi uko wapi?"

Haukuwapo. Wakati mimi nahesabu waliosambaza, Cloudflare, kampuni ya huduma za mtandao, walikwisha kueleza hadharani kilichoonekana kutoka nje, na Facebook wenyewe wakaja kueleza kilichotokea ndani. Mafundi wao walikuwa kwenye matengenezo ya kawaida. Amri iliyokusudiwa kupima uwezo wa uti wa mgongo wa mtandao wao, yaani njia kuu zinazounganisha vituo vyao, ikaukata wote, na programu iliyopaswa kuizuia amri hiyo ilikuwa na hitilafu. Seva zao zikaacha kuutangazia ulimwengu zinapatikana wapi. Gari lipo stendi, abiria wamejaa, ila hakuna konda wa kuita "Mbagala!" Basi kwa karibu saa sita hakuna aliyejua apandie wapi.

Nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaoanza kazi hii ya kutoa maoni kuhusu habari za teknolojia, kwa sababu wengi mnaniuliza mnunue maiki gani na mposti saa ngapi. Maiki nunueni yoyote. Mimi ningependa mniulize nilifanya nini baada ya ile skrinishoti.

Nilijiwekea swali moja ambalo lazima nilijibu kabla ya kuwa na maoni: kitu kimekatika wapi? Kama siwezi kuonyesha mahali, hata kwa kidole tu, bado sina maoni. Nina hasira au nina furaha, na hizo kila mtu anazo.

Swali hilo lilipata mtihani wake Jumapili ya Mei 12, 2024. Nilikuwa nyumbani Tabata, bando lipo, minara imejaa juu ya skrini, lakini kila ujumbe wa WhatsApp unabaki na kale kasaa pembeni. Kabla ya adhuhuri waliokuwa wanapata mtandao wa kuchechemea walishatoa hukumu: serikali imezima. Nawaomba msiwacheke waliosema hivyo. Mwaka 2020, wakati wa uchaguzi mkuu, mitandao ya kijamii ilibanwa kweli hapa Tanzania, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ila kushtuka ni kitu kimoja, kuandika kichwa cha habari ni kingine.

Nikaanza na kilicho mkononi. Tovuti moja iliyohifadhiwa humu nchini ilifunguka bila shida. Za nje zikazunguka mpaka nikachoka. Nikamwomba jamaa yangu anayetumia kampuni tofauti ya simu ajaribu: yaleyale. Kumbe ndani tunaonana, tatizo ni mlango wa kutokea. Na mlango wetu wa kutokea upo chini ya bahari. Siku hiyo mikongo miwili, yaani nyaya za intaneti zinazolazwa baharini, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya mashariki ya Afrika Kusini.

Hapo ndipo uchambuzi unapoanza, na ndipo wengi wanapoishia. Kwa nini kukatika kule Afrika Kusini kuilaze Dar es Salaam, wakati upande wa kaskazini kuna njia nyingine ya kwenda Ulaya? Kwa sababu njia ya kaskazini nayo ilikuwa mgonjwa. Mwezi Februari mikongo mitatu ilikatika kwenye Bahari ya Shamu, Seacom ikiwamo. Vichwa vya habari vingi vikasema Wahouthi, waasi wa Yemen, wamekata mkongo, kana kwamba kuna mtu alizama na msumeno. Kinachoaminika zaidi ni kwamba Rubymar, meli iliyopigwa kombora na Wahouthi, ilitelekezwa ikiwa imeshusha nanga, ikapeperuka siku kadhaa, na nanga ikaburuta kila ilichokikuta chini. Kwa hiyo tulikuwa tumeegemea kusini kwa miezi karibu mitatu. Kusini kulipokatika, hatukuwa na pa kuegemea. Ongeza kwamba kampuni kubwa za kukodisha seva zimeweka vituo vyao vya Afrika huko huko: Microsoft wako Johannesburg tangu 2019, Amazon wako Cape Town tangu 2020. Programu yako ya Dar inaweza kuwa inakula na kulala Cape Town bila wewe kujua.

Ukishafika hapo, sasa toa maoni makali unavyotaka. Mimi niliandika kwamba tunauza maneno "uchumi wa kidijitali" huku tukining'inia kwenye nyuzi mbili, na kwamba swali la kumuuliza mtoa huduma wako ni hili: ukikatika mmoja, unanipitisha wapi? Sikuwahi kabisa, niliposti saa mbili usiku. Haikufika hata robo ya ule uongo wangu wa 2021. Lakini kesho yake asubuhi mtayarishaji wa kipindi cha redio alinipigia, na nimekuwa nikipigiwa tangu hapo. Wale waliowahi hawakupigiwa, kwa sababu walikuwa wengi na wote wamesema kitu kimoja.

Sasa suala la pesa, maana litawafikia mapema kuliko mnavyodhani. Mwaliko wa kwanza wa uzinduzi utakuja na hoteli nzuri, fulana, pawabenki na bahasha ya nauli. Nilikwenda kwenye mmoja ambapo mkurugenzi alitangaza jukwaani kwamba programu yao imepakuliwa mara laki moja. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaitafuta Play Store palepale mezani, sambusa mkono mmoja. Ukurasa ulionyesha zaidi ya elfu moja, basi. Nikamwonyesha mwenzangu, akaniambia kwa upole, "Sasa wewe umekuja kula au kuharibu?" Aliandika laki moja. Mimi niliandika elfu moja, na mialiko ya hoteli ile ikakauka. Sijutii, ingawa sambusa zao zilikuwa nzuri kwelikweli.

Mtaani tunawaita chawa watu wa aina ile, na sekta hii ina chawa wengi kuliko hata siasa. Dalili yao kubwa ni kushangilia mtaji kana kwamba ni faida. Kampuni changa ikipewa dola milioni kadhaa na wawekezaji, hilo ni deni la matumaini. Wakenya wanalijua hili kwa uchungu. Sendy, kampuni ya kusafirisha mizigo, walipata dola milioni 20 mwaka 2020, wakafunga 2023. Copia, waliouza bidhaa kwa oda hadi vijijini, walipata dola milioni 50 mwaka 2022, na Mei 2024 wakawekwa chini ya msimamizi. Siwacheki, kusafirisha mizigo kwa bei ambayo mama wa kijijini anaimudu ni kazi ngumu. Nawacheka walioandika "mapinduzi" siku ya mtaji na kukaa kimya siku ya kufunga. Ukiandika kuhusu mtaji leo, weka kikumbusho kwenye kalenda baada ya miezi kumi na minane, urudi uulize wateja wako wapi.

Kosa jingine ni kucheka na mtandao unapocheka. Julai 2023 Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, walikuwa wanasajili mboni za macho Nairobi, na foleni ya ukumbi wa mikutano wa KICC ikawa ndefu hadi ikawa kichekesho cha wiki. Meme zilikuwa kali, nakubali, nami nilisambaza moja. Lakini aliyekuwa kwenye foleni alikuwa anapewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000 za Kenya kwa kuangalia mpira wa chuma. Kwa kibarua, hiyo si pesa ya kuchekea. Serikali ilisimamisha zoezi Agosti 2, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa zilizokusanywa zifutwe. Habari ya kuandika siku ile ilikuwa foleni yenyewe: nani amepanga bei, na kwa nini bei hiyo ilitosha Nairobi.

Kuhusu lugha sina mengi. Mkitafsiri posti za Wamarekani neno kwa neno, msomaji atanusa. AI muiite akili mnemba au akili unde, chagueni moja mkae nayo, lakini elezeni inafanya nini. Kuhusu leseni, msisikilize ya kijiweni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwafanya watu wafunge blogu zao, na tangu hapo zimebadilishwa zaidi ya mara moja. Someni zinazotumika sasa, TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, wanazo.

Na mtakosea tu. Mimi ile posti ya 2021 niliifuta, na hilo ndilo kosa ninalolijutia kuliko posti yenyewe, kwa sababu masahihisho niliyoandika baadaye hayakuwa na kitu cha kusahihisha. Aliyedanganyika hakuyaona, na aliyeyaona hakujua yanahusu nini. Siku hizi sifuti. Naweka masahihisho juu kabisa, na tarehe, na sentensi yenye kosa naiacha pale chini ijieleze.

Mwezi uliopita nilipeleka simu ibadilishwe kioo. Yule fundi hakuinua hata kichwa kwenye kazi yake. "Karibu, kaka. Wale wadukuzi wako hawajambo?"