Muulize Mwalimu: Mbona kwetu kumebaki wazee na sensa yasema tumeongezeka?

SWALI: Hujambo Mwalimu. Mimi nakaa Mikindani hapa Mombasa huu mwaka wa 14 sasa, lakini kwetu ni Taita, upande wa Wundanyi kule juu milimani. Disemba nilipanda nyumbani na watoto wangu watatu tukakaa wiki mbili, nikarudi roho yaniuma. Shule niliyosomea mimi, darasa letu tulikuwa zaidi ya 40 na wengine wakikaa chini, sasa mwalimu mmoja niliyesoma naye aniambia darasa la kwanza ana watoto 11. Kutoka barabarani mpaka kwa mamangu nimehesabu nyumba sita zimefungwa kufuli. Mama ana miaka 74 na yuko peke yake. Alafu nikirudi hapa naskia kwa redio ati kaunti yetu watu wameongezeka. Wameongezeka wapi? Ama ni hesabu za kupikwa? – Mdawida wa Mikindani

JIBU: Dadangu, hesabu hazijapikwa na macho yako nayo hayajakudanganya. Yote mawili ni kweli, na nimefurahi umeuliza sababu barua za aina hii zimenijia nyingi, ila wengi waandika kwa hasira, wewe umeenda ukahesabu kufuli.

Tuanze na sensa yenyewe. Mwaka wa 2009 Taita Taveta walikuwa watu 284,657. Ile ya 2019 wakapatikana 340,671. Yaani ndani ya miaka kumi wameongezeka watu 56,000 na kitu, sawa na kusema palipokuwa na watu watano sasa wako sita. Hapo redio haikukosea. Lakini kaunti si kitu kimoja dada, kaunti ni Voi na Taveta na Mwatate na huko kwenu milimani, na ukiigawanya hivyo ndio waanza kuona. Hiyo hiyo sensa ya 2019 Voi ilipata watu 111,831, Taveta 91,222, na Taita, ndio huko kwenu Wundanyi, 55,959. Voi peke yake ni mara mbili yenu. Na si ajabu, Voi iko kwenye barabara ya Nairobi, reli ya zamani ilipita hapo, reli mpya ya SGR ilipoanza 2017 ikaweka stesheni hapo, kwa hivyo kijana wa Wundanyi akitaka kufungua duka la vipuri au kununua bodaboda haendi mbali sana, ashuka Mwatate akanyoosha mpaka Voi, na akihesabiwa Voi bado yuko kaunti ile ile. Kaunti haijapoteza mtu hapo. Mlima ndio umepoteza.

Na kumbuka ardhi pia. Ile kaunti ukiiona kwa ramani ni kubwa sana, kilomita mraba 17,000 na zaidi, lakini asilimia kama 62 ni mbuga za Tsavo, alafu kuna mashamba ya mkonge na ma-ranchi, kwa hivyo mahali pa kulima penye mvua ni padogo, na pengi ni huko kwenu juu. Babu alikuwa na shamba akagawia wana wanne, wale wanne nao wakagawa, sasa mjukuu amebakiwa na matuta mawili na mti wa makadamia ulio mpakani wa kugombaniwa na binamuye. Huyo utamwambia akae afanye nini? Atashuka tu. Sijawahi kumlaumu kijana aliyeshuka.

Sasa watoto wa darasani, na hili ndilo nataka ulisome pole pole. Mwishoni mwa miaka ya 70 mama wa Kenya kwa wastani alikuwa azaa watoto wanane. Wanane, dada. Kufikia ule utafiti wa taifa wa afya na uzazi wa 2014 wastani ulikuwa umeshuka mpaka 3.9, na ule wa 2022 ukapata 3.4. Na huko kwenu walishuka mapema kuliko majirani, 2014 Taita Taveta walikuwa 3.2, sawa na sisi watu wa Mombasa mjini kabisa, wakati Kilifi walikuwa bado 5.1. Mimi naona ni shule. Wamishonari walifika Sagalla 1883 na Bura 1892, kwa hivyo kusoma huko ni kitu cha zamani, wasichana wamekaa darasani muda mrefu, na msichana aliyemaliza fomu foo haolewi na miaka 16, na akiolewa ajua anataka watoto wangapi. Alafu watoto wenyewe siku hizi hawafi vile walikuwa wakifa, 2003 Kenya nzima katika kila watoto 1,000 waliozaliwa 115 walikuwa hawafikishi miaka mitano, 2022 wamekuwa 41. Mama akijua mtoto wake ataishi hana haja ya kuzaa wa akiba. Hiyo ni habari njema hata kama inaacha madawati matupu.

Lakini kuna sababu nyingine ya wale 11, na samahani nitaisema wazi. Watoto wako watatu wanasoma wapi? Wanasoma Mikindani. Mlima haujaacha kuzaa, umeenda kuzalia Mikindani na Magongo na Chaani na Voi. Ukichukua wajukuu wote wa huo mlima wenu walioko huku Mombasa ukawarudisha, lile darasa litajaa na wengine watakaa chini kama zamani. Mombasa 2009 tulikuwa 939,370, 2019 tukawa 1,208,333, na wengine wao hao ni nyinyi.

Mimi mwenyewe nilikwenda Wundanyi mwaka mmoja kumzika rafiki tuliyefunza naye. Mazishi yalikuwa yaanze saa nne. Boma liko chini ya barabara, njia ni nyembamba ya mawe na ilikuwa imenyesha, na jeneza lilibaki juu kwa gari saa nzima sababu wanaume waliokuwepo walikuwa wazee wa umri wangu na watoto wa shule, na mzee mmoja akasema kwa sauti ya kawaida tu, hata hakulalamika, tungoje basi la Mombasa. Basi lilipofika wakashuka vijana kama kumi na viatu vya mji, wakavua wakakunja suruali ndio rafiki yangu akateremshwa. Jioni lile lile basi likawarudisha, kesho ni kazi. Nilikaa pale nikila kimanga na mjane nikafikiria, kumbe kijiji chaweza kuwa na watu wa kulia na kisiwe na watu wa kubeba.

Hapo ndipo shida ilipo kwa maoni yangu. Tumezoea kuuliza watu ni wangapi, na tunasahau kuuliza ni kina nani. Kenya kwa jumla ni nchi ya vijana, 2019 katika kila wanne watatu walikuwa chini ya miaka 35, na wenye 60 kwenda juu walikuwa kama milioni 2.7 tu. Kwa hivyo mipango yote ni ya vijana na akina mama wajawazito, na si vibaya. Lakini ukienda zahanati ya mlimani asubuhi ukaangalia lile benchi la nje, kwa ukuta kuna picha za chanjo za watoto, na kwa benchi wamekaa bibi watano wa presha na sukari, wametembea kilomita kadhaa na fimbo, na dawa ya presha mara nyingi waambiwa kanunue. Ile zahanati ilijengewa watu ambao wameshuka. Zahanati ni kazi ya kaunti, si ya Nairobi, na bajeti ya kaunti kila mwaka ina vikao vya kukusanya maoni ya wananchi. Nyinyi mlioko Mombasa mna vikundi vyenu vya kuzikana, nawajua, vina katibu na mweka hazina na vinafanya kazi vizuri sana mtu akishakufa. Nawaomba sana kikundi hicho hicho kitume mtu mmoja kwa kikao cha bajeti aseme siku moja ya wiki iwe ya wazee, na dawa za presha ziwepo. Msingoje jeneza ndio mkodi basi.

Kuhusu mama. Ana 74, na serikali ina mpango wa Inua Jamii unaolipa wenye miaka 70 kwenda juu shilingi 2,000 kwa mwezi. Kama hajaandikishwa chukua kitambulisho chake uende kwa chifu au ofisi ya huduma za jamii uulize uandikishaji ukoje. Si pesa nyingi lakini ni zake, hakuombi. Na lile shamba kama bado liko kwa jina la babu, anzeni kulifuatilia mama akiwa hai, sababu yeye ndiye ajua mpaka ulipita wapi, na zile nyumba sita za kufuli huenda nusu yake hazina mtu sababu ndugu hawajaelewana nani arithi. Ungeniuliza umlete mama Mikindani ningekwambia umuulize yeye kwanza. Wazee wengi hapa mjini nawaona wamekaa mlangoni pa chumba kimoja wanaangalia ukuta wa jirani, na kule alikuwa na mbuzi na kanisa na watu wanaomjua jina.

SWALI: Mwalimu mimi ni wa Kinango huku Kwale, na sisi ni kinyume cha hao watu wa milimani mnaoandika kila siku ati vijiji vimeisha. Kwetu watoto ni wengi mpaka walimu wameshindwa, mjukuu wangu yuko darasa moja na watoto 90 chini ya mwembe. Je ni makosa yetu kuzaa sana? – Mzee wa Kinango

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Si makosa, na asikuambie mtu hivyo. Kwale 2009 mlikuwa 649,931 na 2019 mkawa 866,820, theluthi nzima imeongezeka kwa miaka kumi. Nyumba moja ya Kwale kwa wastani ina watu watano, Taita Taveta watatu na nusu, Mombasa watatu tu. Na ule utafiti wa 2014 ulipata mama wa Kwale azaa 4.7.

Wewe wajua kuliko mimi kwa nini. Mahali maji ni ya kufuatwa kwa punda na ng'ombe wanachungwa siku nzima, mtoto ni mikono. Na wasichana wengi bado wanatoka shuleni mapema, wengine kwa mimba, wengine sababu shule ya upili iko mbali. Mimi langu ni hilo la wasichana tu. Msichana akibaki shuleni mpaka mwisho hesabu yajibadilisha yenyewe bila mtu kuhubiriwa, tumeona Taita.

Lakini hao 90 chini ya mwembe hawakuanguka kutoka mbinguni mwezi wa kwanza. Walizaliwa, wakachanjwa, majina yao yako kwa daftari la zahanati miaka sita kabla hawajaingia darasa la kwanza. Mtu aliyetaka kujua madarasa mangapi yatahitajika angefungua lile daftari tu. Na mujue wa kumuuliza, sababu nimeona wazee wakimshika mwakilishi wa wadi kwa kitu kisicho chake: chekechea ni ya kaunti, lakini madarasa ya shule ya msingi ni serikali kuu, na mengi hujengwa kwa zile pesa za CDF za mbunge, yaani mfuko wa maendeleo ya eneo bunge. Mchukueni mwalimu mkuu na hesabu ya zahanati muende kwa ofisi ya mbunge na karatasi mkononi.

SWALI: Mwalimu, sensa ikija tena nihesabiwe Mombasa ninakofanya kazi ama nirudi nyumbani Taveta ili kaunti yetu ipate pesa? Kuna watu 2019 walitwambia turudi. – Kijana wa Chaani

JIBU: Mwanangu, sensa haikuhesabu kwenu ulikotoka, yakuhesabu pale ulipolala. Ile ya 2019 ilikuwa usiku wa Jumamosi tarehe 24 Agosti kuamkia Jumapili, na makarani walizunguka na tableti mpaka tarehe 31 wakiuliza usiku ule mmoja tu, nani alilala hapa. Nyingine yatarajiwa 2029 sababu Kenya huhesabu kila miaka kumi.

Ni kweli idadi ya watu ni moja ya vitu vinavyotumika kugawia kaunti pesa, kwa hivyo naelewa kwa nini watu huambiwa warudi. Lakini fikiria, maji wayateka Chaani, ukiugua watibiwa hapa, mtoto wako atachanjwa hapa. Ukipanda basi usiku mmoja ukahesabiwe Taveta, Chaani yaonekana ina watu wachache kuliko wanaopanga foleni kwa bomba, na Taveta yajengewa zahanati ya mtu asiyekuwepo huku mamako akiandikwa anakaa na kijana wa miaka 25 nyumbani. Atakayesoma ile karatasi atasema huyu mama ana msaada. Lala kwako Chaani, hesabiwa hapo, na mama naye ahesabiwe kule vile alivyo, peke yake.