Msitume hiyo elfu 40 kwa simu ya mtu

Msitume. Nilisoma ujumbe wako mpaka pale uliposema tawi lenu la mashabiki hapa Kisumu limechanga elfu 40 za kuipeleka timu yenu mechini Kitale, na mweka hazina wa klabu amewapa namba yake ya simu "ili mambo yaende haraka". Omera, msitume.

Namba ya mtu si akaunti ya timu. Sisi tulimtumia mweka hazina wetu elfu 38 Jumamosi jioni, na hakuna aliyeuliza kama simu yake ina deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Fuliza haijui pesa ni ya gari. Ikiingia tu, deni linakatwa kwanza, mwenye simu anabakiziwa makombo. Makombo yetu hayakutosha hata malipo ya kwanza ya gari la matatu. Na yule mzee, badala ya kutuambia usiku uleule tupitishe kofia tena, alizima simu! Asubuhi saa nne anatokea na miwani ya jua, eti mtandao ulisumbua. Mtandao gani huo unaokula elfu 38? Kuomba muamala urudishwe nako ni bure, maana huduma ile ni ya aliyekosea namba. Namba ilikuwa sahihi kabisa, mwenye namba ndiye aliyekuwa na kasoro. Msiulize nani alibonyeza PIN. Tuseme ni mtu wa kimo changu.

Hasara yenyewe hata si hiyo elfu 38. Usipofika uwanjani, mwenyeji anachukua pointi tatu na mabao ya mezani, nanyi mnabaki na faini na alama nyekundu kwenye faili lenu. Sony Sugar ya Awendo, mabingwa wa Kenya 2006, walitupwa nje ya ligi kuu msimu wa 2019/20 kwa kukosa mechi tatu. Hao walikuwa na jina la kiwanda kifuani. Nyinyi mna nini? Ngoma mbili na tarumbeta.

Kwa hiyo lipeni kitu, msimpe mtu. Wachezaji 18, benchi la ufundi na kit manager hawazidi watu 25, basi matatu mbili za abiria 14 zinatosha. Viti vitatu vinavyobaki ni vya mipira, jezi na maji, si vya shabiki aliyechanga mia mbili na sasa anataka dirishani. Nusu ya nauli iende Alhamisi kwenye Paybill au till (namba ya malipo ya biashara) ya mwenye gari au ya sacco, chama cha wenye matatu, nusu ya pili mkishashuka Kitale. Kabla ya kulipa, ulizeni kama magari yana kibali cha kutoka nje ya ruti yao. Matatu ya Kondele, hapa Kisumu, ikikutwa Webuye bila karatasi hiyo, mtaongea na polisi mpaka kipindi cha pili. Mafuta yalipiwe palepale kwenye pampu, shabiki mmoja akiwa amesimama hapo na simu yake. Chakula vilevile: pigieni hoteli ya Kitale mapema, mlipe hoteli.

Ni karibu kilomita 150 kupitia Chavakali, Kakamega na Webuye, na malori hayana haraka na ligi yenu. Mechi ikiwa saa tisa, ondokeni saa kumi na mbili asubuhi ili vijana wale kufikia saa sita. Wakila saa nane watatapika dakika ya ishirini, kisha mtamlaumu kocha.

Kadi za usajili za wachezaji zikae gari la kwanza, kwa meneja wa timu, tangu usiku wa kuamkia safari. Zikisahaulika kabatini kwa kiongozi fulani (kila klabu ina kabati hilo), mwamuzi hataangalia sura ya striker wenu. Bila kadi, anakaa jukwaani na sisi.

Uliuliza pia kama jezi mpya ziwe za kijani. Jezi yoyote, mradi mbebe seti mbili, rangi zikigongana mgeni ndiye hubadilisha.

Mweka hazina akikasirika kwamba hamumwamini, mwambieni hela imeshafika kwa mwenye gari, na mpeni risiti aiweke kwenye faili. Leo ni Jumatano. Pigeni simu kwa sacco sasa hivi, muulize till.