Kabla Hujamlipa Mhariri wa Ukurasa wa Wikipedia

Usianze na bei. Anza na magazeti: yameandika nini kuhusu kampuni yenu bila ninyi kuwaomba? Mwambie afisa wa mawasiliano apekue kumbukumbu za Daily Nation, The Standard, Business Daily na The EastAfrican, akusanye kila habari inayotaja jina la kampuni. Halafu chujeni bila huruma. Ondoeni taarifa zenu kwa vyombo vya habari zilizochapishwa kama zilivyo. Ondoeni makala ya kulipia, mahojiano ambamo mkurugenzi anajieleza mwanzo hadi mwisho, habari za kufungua tawi jipya Westlands, za kumteua meneja na za kupata mtaji. Wikipedia ya Kiingereza haizihesabu hizo kuwa ushahidi kwamba kampuni inastahili ukurasa, kwa sababu ama zimetoka kinywani mwenu au ni shughuli za kawaida za biashara yoyote. Kinachotakiwa ni maandishi ya watu wasiohusiana nanyi, walioichambua kampuni kwa kina. Sisi tunashauri muwe na angalau matatu yenye uzito. Habari nyepesi hamsini hazizai nzito moja, na cheti cha usajili kinathibitisha tu kwamba kampuni ipo.

Mkishachuja na pasibaki kitu, simameni hapo. Hakuna mhariri, hata awe hodari namna gani, anayeweza kuandika vyanzo ambavyo havipo. Pesa hizo zina kazi nyingine.

Vyanzo vikiwepo, ndipo utafute mtu. Jambo la kwanza la kumwomba ni jina lake la mtumiaji kwenye Wikipedia. Ukiwa nalo, fungua orodha ya michango yake: ameanza lini, anahariri mada gani, na kurasa alizoanzisha zingali hai au zimefutwa? Kisha fungua ukurasa wake wa mtumiaji uone kama amewataja waliomlipa. Tangu mwaka 2014, masharti ya matumizi ya Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, yanamtaka kila anayehariri kwa malipo aweke wazi ni nani anayemlipa, anamfanyia nani kazi na ana uhusiano gani nao. Kwa hiyo anayekwambia hawezi kuonyesha kazi zake kwa sababu ya siri za wateja amekwisha kukiri kwamba anavunja masharti hayo. Achana naye. Akikamatwa, akaunti yake inafungiwa, na ukurasa wenu unafutwa au unabandikwa bango la onyo juu kabisa, mahali ambapo mteja na mwandishi wa habari wataliona kabla ya kusoma neno la kwanza.

Achana pia na anayetoa hakikisho la ukurasa kukubaliwa, na anayedai ni msimamizi wa Wikipedia. Mwaka 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilifunga akaunti 381 za mtandao uliopewa jina Orangemoody. Walikuwa wakitafuta rasimu za kurasa zilizokataliwa na wakaguzi wa Wikipedia, wanawaendea wenye biashara na kuwatoza pesa ili ukurasa upite, kisha baadaye wanawadai ada ya kila mwezi ya "kuulinda". Kama rasimu yenu imekataliwa na siku chache baadaye ikaingia barua pepe ya mtu msiyemjua anayejitolea kuiokoa, jueni ameiona mle mle ndani ya Wikipedia, ambako rasimu husomwa na yeyote.

Kwenye mkataba, lipieni kazi kwa hatua. Tunapendelea asilimia 30 kwa tathmini ya vyanzo, 40 kwa rasimu iliyowasilishwa, na 30 kwa kujibu wakaguzi na kurekebisha. Malipo yote yakifungwa kwenye kukubaliwa kwa ukurasa, mnamsukuma mhariri kwenye njia za mkato. Wakili wenu huenda akaingiza kifungu cha usiri kama alivyozoea. Mwambieni aruhusu waziwazi kutajwa kwa kampuni na malipo, la sivyo mkataba unapingana na masharti ya Wikimedia. Na hata mkilipa kwa M-Pesa, dai ankara ya eTIMS, yaani ya mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi ya Kenya (KRA), ili mhasibu asihangaike baadaye.

Rasimu yenyewe utaitambua kwa ukavu wake. Ukikuta "kampuni inayoongoza kwa kutoa suluhisho bunifu za malipo Afrika Mashariki", irudishe. Sentensi inayopita husomeka hivi: "ni kampuni ya Kenya inayotengeneza programu za malipo ya madukani, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2011", na chanzo kikafuata hapo hapo. Maneno yaliyonakiliwa kutoka tovuti yenu yanafutwa kwa sababu ya hakimiliki, hata kama tovuti ni yenu. Picha nazo zinahitaji idhini ya aliyezipiga, maana zikiwekwa kwenye Wikimedia Commons, ghala la picha za Wikipedia, yeyote anaweza kuzitumia, hata kibiashara.

Baada ya kuwasilishwa, wakaguzi wa kujitolea huchukua siku, wiki au miezi. Rasimu isiyoguswa miezi sita hufutwa. Hata ukikubaliwa, kwa kawaida ukurasa mpya hautokei kwenye Google mpaka ukaguliwe tena au siku 90 zipite. Msiufunge na tarehe ya uzinduzi.

Mkurugenzi aambiwe mapema kwamba ukurasa si mali ya kampuni. Kesi iliyoandikwa magazetini itaingia, na hamna haki ya kuifuta. Wala asimtume kijana wa mafunzo ya kazini aifute kimyakimya: kila badiliko linabaki kwenye historia ya ukurasa, na akaunti yenye jina la kampuni hufungwa. Kosa likiwepo, andikeni kwenye ukurasa wa majadiliano, mseme mnahusiana na kampuni, mtaje sentensi iliyopo, mnayopendekeza na chanzo chake.

Wapo pia wanaouza Wikipedia ya Kiswahili kama mlango wa nyuma, kwa hoja kwamba wakaguzi huko ni wachache. Tunaomba msikubali. Wachache hao wanajenga, bila malipo, mahali ambapo mtoto wa shule atasoma kwa lugha yake, na kila tangazo linalotupwa pale linawaongezea kazi ya kufagia.

Kabla ya kutuma shilingi, mwandikie hivi: "Tafadhali nitumie jina lako la mtumiaji, viungo vya kurasa mbili ulizolipwa kuziandika na ambako umetangaza malipo hayo, na maoni yako kuhusu vyanzo hivi vitatu." Akijibu kwamba kimoja kati ya vitatu hivyo hakifai, na akakueleza kwa nini, endelea kuzungumza naye.